Sheria za Anga kwa Rubani Mwanafunzi wa Mwanza: Jinsi ya Kuzisoma Ukiwa Futi 3,763 Juu ya Bahari

Ndege ikiwa imeegeshwa katika uwanja wa Mwanza, injini haijawashwa na magurudumu bado yana vizuizi, altimita, yaani kipima urefu, iliyowekwa kwa QNH (kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachoifanya isome kutoka usawa wa bahari) husoma takribani futi 3,763. Huo ndio mwinuko wa uwanja kutoka usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba rubani mwanafunzi wa hapa, kabla hajainuka hata shubiri moja, tayari yuko juu kuliko ile futi 3,000 ambayo wanafunzi wengi huikariri kama mpaka mkuu wa somo la sheria za anga. Akiingia mtihanini na namba hiyo peke yake anaweza kupata alama. Akiingia angani nayo, juu ya ziwa lenye mawingu, haitamsaidia kitu.

Nimewasaidia vijana kadhaa wa Ilemela na Nyamagana kujiandaa kwa mtihani huu wa nadharia, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni hilo la kuzibeba namba bila kuzipeleka mahali. Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa ni moja: nunua daftari, tafuta ramani ya anga ya Kanda ya Ziwa, na kila kanuni unayoisoma iandike mara mbili, kwanza kama ilivyo kitabuni, kisha kama itakavyosomeka kwenye altimita, dira na saa ya mtu anayeruka kutoka Mwanza. Somo litakuchukua muda mrefu zaidi, lakini hutalazimika kulisoma tena upya siku ya kwanza utakayoruka peke yako.

Jua kwanza nani ameandika nini

Mizizi ya sheria hizi ni Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao makuu Montreal. Mkataba una Viambatisho 19. Rubani mwanafunzi hahitaji kuvimeza vyote, ila vitano au sita atakutana navyo kila wiki: Kiambatisho cha 1 kuhusu leseni za wahudumu, cha 2 kuhusu kanuni za kuruka, cha 6 kuhusu uendeshaji wa ndege, cha 11 kuhusu huduma za uongozaji ndege, cha 12 kuhusu utafutaji na uokoaji, na cha 13 kuhusu uchunguzi wa ajali. Katika kila ukurasa wa daftari andika namba ya Kiambatisho pembeni, kwa sababu maswali mengi ya mtihani hujibika kwa kujua tu jambo linaangukia wapi.

ICAO haimkamati mtu wala haitoi leseni. Inaweka viwango, na kila nchi mwanachama huviingiza katika sheria zake. Nchi inapoamua kufanya tofauti, Ibara ya 38 ya Mkataba inaitaka iijulishe ICAO. Kwetu sisi, sheria mama ni Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na chini yake ziko kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Ukisikia mtu anasema "ICAO inaruhusu", muulize kwa heshima kanuni ya Tanzania inasemaje, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokuhukumu. Namba ninazozitaja katika makala hii ni za viwango vya ICAO, ambavyo kanuni zetu zimejengwa juu yake. Kabla ya mtihani zilinganishe na toleo la kanuni za TCAA linalotumika wakati huo, maana kanuni hurekebishwa.

Usichanganye taasisi tatu ambazo mgeni huziona kama kitu kimoja. TCAA hudhibiti usalama, hutoa leseni na huongoza ndege angani. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, huendesha viwanja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ndiyo itakayokupa utabiri. Ukitaka kujua kama njia ya kurukia ina matengenezo, tafuta NOTAM, yaani matangazo ya muda kwa marubani. Ukitaka taarifa za kudumu za uwanja, yaani mwinuko, urefu wa njia, masafa ya redio na maeneo yaliyozuiliwa, fungua kitabu cha taarifa za anga kinachoitwa AIP.

Karatasi zako na karatasi za ndege

Mwanafunzi asiye na leseni kamili haruhusiwi kuruka peke yake isipokuwa chini ya usimamizi au kwa idhini ya mwalimu wa urubani aliyeidhinishwa, naye lazima awe na hati ya afya inayotambulika, angalau ya Daraja la Pili. Kwa leseni ya rubani binafsi, kiwango cha ICAO ni umri usiopungua miaka 17 na saa 40 za kuruka, ambazo zinaweza kuwa 35 kwa anayesoma katika kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake ziwemo saa 10 za kuruka peke yako, na 5 kati ya hizo ziwe za safari za mbali, ikiwemo safari moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Mwanza hadi Musoma kwa mstari ulionyooka ni takribani kilomita 140, hivyo kwenda na kurudi kunakupa umbali, ila hakukupi viwanja viwili vya mbali. Kwa daftari lako, chora safari ya pembe tatu na uipime mwenyewe.

Ibara ya 29 ya Mkataba hutaja hati ambazo ndege inayosafiri kimataifa lazima ibebe, na ni desturi njema kuzijua hata kwa safari ya ndani: cheti cha usajili, cheti cha ustahiki wa kuruka, leseni za wahudumu, kitabu cha safari, leseni ya redio, na orodha ya abiria au mizigo pale inapokuwepo. Alama ya usajili ya ndege zetu huanza na 5H. Majirani utakaowasikia redioni ni 5Y za Kenya, 5X za Uganda, 9XR za Rwanda na 9U za Burundi.

Mpaka usioonekana majini

Ibara ya 1 ya Mkataba wa Chicago ni fupi, lakini ndiyo nzito kuliko zote: kila nchi ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga iliyo juu ya ardhi na maji yake. Mtu wa Dodoma anaweza kuisoma kama nadharia. Mtu wa Kanda ya Ziwa anatakiwa kuisoma akiwa na ramani, kwa sababu mpaka wetu na Uganda ndani ya Ziwa Victoria hufuata latitudo ya digrii 1 kusini, na mahali pale hapana uzio, mto wala bendera; ni maji tu. Bukoba iko takribani maili 20 za baharini kusini ya mstari huo. Kwa ndege ndogo inayokwenda noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, hizo ni dakika 13 au 14.

Sasa unganisha jambo hilo na kanuni ya leseni: rubani mwanafunzi haruhusiwi kufanya safari ya kimataifa akiwa peke yake, ila kwa makubaliano maalumu kati ya nchi zinazohusika. Mwanafunzi aliyepitiliza Bukoba kwa kupotea njia katika ukungu wa asubuhi amevuka mpaka wa nchi na wa leseni yake kwa wakati mmoja. Chora mstari wa digrii 1 kwa wino mwekundu kwenye ramani yako kabla hujachora kitu kingine chochote.

Urefu: hapa ndipo penye kazi

Sehemu hii nitaikalia, kwa kuwa ndiyo inayobadilika zaidi ukitoka pwani kuja ziwani.

Kwanza tofautisha vipimo viwili ambavyo Kiswahili chetu cha kila siku huviita vyote "urefu". Kuna urefu kutoka usawa wa bahari, ambao ndio altimita yenye QNH huonyesha, na kuna urefu kutoka ardhini au majini, ambao wewe mwenyewe unautafuta kwa kutoa. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya bahari, karibu futi 3,720. Kila kanuni inayosema "kutoka ardhini au majini" itakulazimu kujumlisha namba hiyo.

Chukua kanuni ya kimo cha chini kabisa kwa anayeruka kwa kuona, yaani kwa kanuni ambazo marubani huziita VFR. Juu ya miji, makazi yaliyosongamana au mkusanyiko wa watu mahali pa wazi, usiwe chini ya futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kutoka ulipo. Kwingineko kote, usiwe chini ya futi 500 kutoka ardhini au majini. Zimeondolewa nyakati za kupaa na kutua, na pale mamlaka inapotoa ruhusa. Ziwani hesabu ni nyepesi: 3,720 na 500 ni 4,220, hivyo altimita ikisoma chini ya hapo umevunja kanuni. Mjini ni kazi nyingine. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na nyumba zimepanda juu ya vilima hivyo. Tuchukulie kilima chenye kilele cha futi 4,200 na mnara wa simu wa futi 150 juu yake. Ukipita ndani ya mita 600 kutoka mnara huo, kimo chako cha chini ni 5,350 kwenye altimita, hata kama chini yako hasa kuna bonde lenye nyumba za chini sana. Wanafunzi husahau kwamba kipimo huanzia kwenye kizuizi cha jirani, wala hakianzii kwenye paa lililo chini ya tumbo la ndege. Na neno "mkusanyiko wa watu" lisikupite: mnada wa dagaa pale Mwaloni asubuhi, au uwanja wa CCM Kirumba siku ya mechi, ni mkusanyiko wa watu mahali pa wazi, na futi 1,000 zinahusika.

Kisha njoo kwenye hali ya hewa ya kuonea. Kanuni ya VFR imegawa anga katika tabaka. Tabaka la chini linafikia futi 3,000 kutoka usawa wa bahari au futi 1,000 kutoka ardhini, lolote lililo juu zaidi. Humo, katika anga isiyodhibitiwa, unatakiwa uone umbali wa kilomita 5, uwe nje ya mawingu, na uione ardhi au maji. Juu ya tabaka hilo hadi futi 10,000 kutoka bahari, umbali wa kuona ni kilomita 5 zilezile, ila mawingu yawe mbali nawe mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu, umbali wa kuona unapanda kuwa kilomita 8.

Weka ndege yako Dar es Salaam, ambako uwanja uko chini ya futi 200 kutoka bahari: lililo juu zaidi ni 3,000, na rubani ana nafasi ya karibu futi 2,800 za tabaka la chini. Ilete Mwanza: 3,000 iko ndani ya ardhi, kwa hiyo lililo juu zaidi ni futi 1,000 kutoka ardhini, na tabaka la chini linakwisha karibu 4,760 kwenye altimita, na juu ya ziwa karibu 4,720. Yaani mwanafunzi aliyepaa na kufika futi 5,000 anadhani bado yuko "chini", kumbe ameshaingia tabaka la pili na anatakiwa kukaa futi 1,000 chini ya wingu. Juu nako kumesogea. Futi 10,000 kutoka bahari ni takribani 6,240 tu juu ya njia yetu ya kurukia, hivyo kanuni ya kilomita 8 hutufikia mapema kuliko inavyomfikia mwenzetu wa pwani. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika 3,000 kwa swali la namna hii na kukosa. Mwalimu wangu hakunipa jibu, alinipeleka kwenye ndege iliyoegeshwa akaniambia nisome altimita. Sijaisahau.

Uwanja wenye eneo lililodhibitiwa una sharti lake pia. Dari ya mawingu ikiwa chini ya futi 1,500, au umbali wa kuona uwanjani ukiwa chini ya kilomita 5, mtu wa VFR haruhusiwi kupaa, kutua wala kuingia kwenye mzunguko wa uwanja bila ruhusa maalumu ya mwongoza ndege. Dari hupimwa kutoka uwanjani, kwa hiyo kwa Mwanza ni wingu lililo chini ya takribani 5,260 kwenye altimita.

Hesabu ya mwisho ya urefu ni ya viwango vya safari. Ukisafiri kwa VFR juu ya futi 3,000 kutoka ardhini au majini, chagua kiwango kwa mwelekeo wa njia yako kwa dira ya sumaku: kuanzia digrii 000 hadi 179, maelfu witiri na nusu, kama 5,500, 7,500 na 9,500; kuanzia digrii 180 hadi 359, maelfu shufwa na nusu, kama 6,500 na 8,500. Kanuni hii inaanza kukubana ziwani ukivuka 6,720. Mwanza kwenda Bukoba ni mwelekeo wa takribani 315, hivyo kiwango cha kwanza kinachokufaa ni 8,500. Kurudi ni takribani 135, nawe utachukua 7,500 au 9,500. Kwenda Musoma ni takribani 043, basi 7,500, na kurudi 8,500. Ukiyafahamu haya, unaelewa kwa nini rubani anayetoka Bukoba na wewe unayekwenda mtakuwa na futi 1,000 kati yenu hata kama hakuna aliyemwona mwenzake. Juu ya kiwango cha mpito kilichoandikwa kwenye AIP utabadili altimita kwenda hektopaskali 1013, kipimo cha mgandamizo kinachotumiwa na ndege zote huko juu, lakini mpangilio ni uleule.

Nani ampishe nani

Ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso au karibu na hivyo, kila moja igeuke kulia. Kijana aliyekulia kwenye bodaboda za Mwanza lazima ajifunze jambo hili kwa mwili wake, kwa sababu barabarani tunakaa kushoto, na kichwa kikishtuka mkono hufuata mazoea. Fanya hivi nyumbani: kaa kitini, fumba macho, mwambie ndugu yako aite "mbele!", nawe geuza mkono kulia. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Sioni aibu kulipendekeza, kwani ndege mbili zinazokwenda noti 100 kila moja hukaribiana maili ya baharini moja kila sekunde 18.

Zikikaribiana kwa kukatizana katika kimo karibu sawa, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Ndege yenye injini humpisha glaida na puto. Usiseme maputo hayatuhusu: kuelekea mashariki, alfajiri, maputo ya hewa moto hupaa Serengeti, na rubani anayekwenda Seronera atayakuta. Anayempita mwenzake kwa nyuma apite kulia, na anayepitwa ndiye mwenye haki mpaka apitwe kabisa na kuachwa mbali. Katika kutua, aliye chini zaidi ana haki, lakini haruhusiwi kuitumia kumkatizia aliye katika hatua ya mwisho. Anayelazimika kutua kwa dharura hupishwa na wote. Mwenye haki ya njia hushika mwelekeo na mwendo wake, ila haki hiyo haimwondolei wajibu wa kuepusha mgongano.

Redio ikinyamaza

Redio za ndege ndogo hufa, na mnara wa kuongozea ndege una taa za kukupa ishara. Ukiwa angani, kijani isiyowaka-na-kuzima ni ruhusa ya kutua, nyekundu ya namna hiyo ni kwamba pisha na uendelee kuzunguka, kijani inayowaka na kuzima ni kwamba rudi ujiandae kutua, na nyekundu inayowaka na kuzima ni kwamba uwanja si salama, usitue. Ukiwa ardhini, kijani tulivu ni ruhusa ya kupaa, nyekundu tulivu ni simama, kijani inayowaka na kuzima ni ruhusa ya kutembea uwanjani, na nyekundu inayowaka na kuzima ni kwamba ondoka kwenye njia ya kurukia. Nyeupe inayowaka na kuzima, kwa aliye ardhini, humrudisha alikoanzia. Transponda yako, yaani kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iweke 7600 kwa redio iliyokufa, 7700 kwa dharura, 7500 kwa utekaji. Masafa ya dharura ni 121.5. Haya yakariri bila huruma. Hapa kukariri ndiko kunakotakiwa.

Saa tatu za mtu mmoja

Sisi tuna mzigo ambao mwanafunzi wa Ulaya hana. Tunasema saa mbili asubuhi, saa ya ukutani ya mtindo wa ofisi husema 0800, na mpango wa safari huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, yaani 0500. Mtu akichanganya hizo tatu, mwongoza ndege atamsubiri wakati usio wake. Kuna njia nyepesi: kwa saa za mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze 3. Saa mbili asubuhi ni 0500, saa kumi jioni ni 1300. Kwa saa za usiku ongeza 15, hivyo saa moja jioni ni 1600. Ukizidi 24, toa 24. Angalia pia tarehe, kwa kuwa kabla ya saa tisa usiku kwetu, UTC bado iko siku iliyopita.

Mpango wa safari kwa ndege itakayohudumiwa na waongoza ndege huwasilishwa angalau dakika 60 kabla ya kuondoka, isipokuwa uwe umeuwasilisha ukiwa angani. Na VFR kwa kawaida hairuhusiwi kati ya kuzama na kuchomoza kwa jua, ila pale mamlaka inaporuhusu. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo jioni kutegemea mwezi, na karibu na ikweta giza halibembelezi. Panga kutua nusu saa kabla ya machweo, uache nafasi ya upepo wa mbele.

Ziwa lenyewe

Kanuni inamtaka rubani kiongozi, kabla ya kuondoka, azijue taarifa zote zinazohusu safari yake: hali ya hewa, mafuta, na njia mbadala endapo safari haitakamilika. Ukiruka peke yako, rubani kiongozi ni wewe, hata kama una saa 15 tu kitabuni. Kwa ziwa hili, taarifa ya hali ya hewa ina jambo la pekee: dhoruba nyingi za majini hukua usiku na kuelekea alfajiri, wakati zile za nchi kavu hukua alasiri. Kwa hiyo ule usemi wa marubani wa bara kwamba asubuhi na mapema ndiyo salama haufai kuchukuliwa kama ulivyo kwa safari ya Bukoba. Omba taarifa ya uwanja unaoendea, usitegemee anga uliyoiona kutoka dirishani kwako Pasiansi.

Viwango vya Kiambatisho cha 6 vinazungumzia ndege ya injini moja inayovuka maji mbali na umbali wa kuteleza hadi ufukweni: iwe na jaketi la kuokolea kwa kila mtu, mahali mkono unapofika ukiwa kitini. Fanya hesabu. Ndege kama Cessna 172 huteleza takribani maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000 pasipo upepo. Kwa 8,500 kwenye altimita uko futi 4,780 juu ya ziwa, hivyo una maili 7 hivi. Njia iliyonyooka kwenda Bukoba ni karibu maili 94, na visiwa vya Kome na Maisome viko kusini ya mstari huo. Ukiipinda njia ipite Kome, Maisome na Rubondo kisha ufuate pwani ya Muleba, unaongeza dakika na mafuta, lakini nchi kavu inakuwa karibu kwa sehemu kubwa zaidi ya safari. Rubondo ni hifadhi ya taifa. Soma AIP kujua masharti ya kuipitia. Mimi ningepinda njia, nami jaketi ningelivaa, nisingeliweka nyuma ya kiti.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na njia ya kurukia ya Bukoba, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia. Kiambatisho cha 13 kinasema uchunguzi wa ajali lengo lake pekee ni kuzuia nyingine, wala si kugawa lawama. Soma ripoti za uchunguzi kwa roho hiyo, ukitafuta hatua ambayo wewe ungeweza kuikosea.

Jambo la mwisho katika kila safari ni kufunga mpango. Ukitua mahali penye mnara, kwa kawaida mnara ndio utakaoshughulika na taarifa ya kuwasili. Ukitua katika kiwanja kisicho na mwongoza ndege, ni juu yako kupiga simu au kutoa taarifa kwa njia ya haraka iliyopo. Dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa kufika, ndege isiyojulikana iliko huingizwa katika hatua ya mashaka, ya kwanza kati ya tatu za utafutaji na uokoaji. Zinazofuata ni ya tahadhari na ya hatari, na hapo watu na mashua huanza kutoka kukutafuta. Andika namba ya simu ya kituo cha uongozaji ndege kwenye jalada la daftari lako, na uipige kabla hujafunga kamba za ndege.